Binti wa bosi ndiye "akina mama"?

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu kampuni kubwa zinazonyakua zabuni za AGPO, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwatengea akina mama, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za umma, haikunishangaza. Kilichonikera ni yule afisa aliyewaambia kwamba akina mama hatujitokezi kuomba kazi.

Hatujitokezi? Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, na cheti cha AGPO kiko ukutani kando ya leseni ya kaunti. Mwaka jana kikundi chetu kiliomba zabuni ya kushonea wafanyakazi wa taasisi moja ya umma ovaroli. Tangazo lilisema wazi kuwa ni ya akina mama pekee. Tukakosa, basi, biashara ndivyo ilivyo. Haukupita muda akaingia dukani meneja wa kampuni moja yenye maghala na malori, ovaroli ya mfano mkononi, nembo ya taasisi ileile kifuani! Alitaka tumshonee, tena kwa bei ambayo ukitoa uzi na stima hakuna kinachobaki. Nikamuuliza mwanamke aliyeshinda ni nani. Akacheka: mkurugenzi ni binti wa bosi, bado yuko chuo. Sheria ya ununuzi ya 2015 inataka kundi husika limiliki angalau asilimia 70 ya kampuni na lishike uongozi wote. Kwenye karatasi binti huyo ametimiza yote, na hesabu za serikali zitaonyesha kwamba akina mama wamepata fungu lao katika ile asilimia 30. Akina mama gani?

Na hata ukishinda kwa haki, ngoja ulipwe. Mwenzangu muuza vifaa vya ofisi alichukua mkopo akapeleka mzigo kwenye kaunti fulani. Benki imeshabeba pikipiki yake, kaunti bado "inahakiki" deni. Mwenye malori anaweza kungoja miaka miwili, ndiyo maana hata wakubwa wa ofisi humpenda: hapigi simu akilia karo.

Pendekezo langu halihitaji kamati ya bunge. Siku ya kufungua zabuni za ushonaji, cherehani iwekwe mezani pamoja na kitambaa cha kaki, na kila mkurugenzi ashone mfuko mmoja wa ovaroli mbele ya wote. Asiyejua kutunga uzi kwenye sindano arudi darasani. Cherehani nitaleta yangu, na sitadai nauli.

Fundi mwenye cheti,
Nakuru