Wenye vitalu waandike jina kamili la mche

Mhariri,

Naomba nafasi niwatahadharishe wakazi wenzangu wa Nakuru wanaopenda kupamba nyua zao kwa miti ya maua. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche sita katika kitalu kimoja kando ya barabara, nikahakikishiwa kuwa ni hothoni, ule mti wa Ulaya ambao maua yake meupe hufunika matawi yote. Niliipalilia na kuimwagilia maji kila kiangazi. Ilipozaa mwaka huu nilipasua tunda kwa ukucha, nikakuta mbegu ndogo tano zimejipanga kama vipande vya chungwa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba muda wote huo nilikuwa nikilea pirakanta, mti mwingine unaofanana na hothoni.

Miti hii yote ni ya jamii ya waridi, ina miiba na huzaa matunda mekundu, hivyo kuikanganya ni rahisi. Hata hivyo, hakuna haja ya kungoja tunda. Jani la pirakanta ni jembamba, halina mikato mikubwa, na mti haupukutiki. Jani la hothoni ya kawaida limechanika kingoni mfano wa dania, ingawa ni gumu zaidi, na tunda lake lina kokwa moja tu.

Anayeitaka hothoni yenyewe ajiandae kusubiri, kwa sababu mbegu yake haioti mpaka ipitie joto, kisha baridi kali ya miezi kadhaa ambayo hatuna hapa karibu na ikweta. Huchanganywa na mchanga wenye unyevu, ikakaa mahali pa joto kwa miezi 3 hivi, halafu ndani ya friji kwa miezi 3 au 4. Asiiagize kutoka ng'ambo bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea nchini Kenya, maana miti ya jamii hii hushikwa na ugonjwa wa bakteria unaoacha matawi kama yaliyobabuka kwa moto, nao huua mitufaha na mipeasi pia.

Kwa hiyo nawasihi wenye vitalu waandike jina la kitaalamu kwenye kila mche, Crataegus kwa hothoni au Pyracantha kwa pirakanta, ili mnunuzi ajue anachokilipia. Tena wangetuoteshea kwa wingi mtandamboo, ambao Waluo huuita ochuoga: una miiba ya kutosha kuzuia mbuzi, maua meupe yenye harufu nzuri, na matunda meusi ambayo watoto huyachuma na kuyala.

Mpenda miti,
Nakuru