Risala ya Wahitimu wa Famasia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kukubali kujumuika nasi. Tumechagua kukuletea jambo moja tu: namna sisi watoa dawa tunavyompokea mgonjwa wa akili anapofika dirishani.

Tukiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, tulimwona mgonjwa wa kisukari akielezwa dawa zake kwa utulivu, hata akaulizwa kama ana swali. Aliyemfuata alikuja na cheti cha haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Huyo alisukumiwa bahasha bila kutazamwa usoni, na maelezo akapewa ndugu aliyemsindikiza, kana kwamba mwenyewe hayupo. Hakuna aliyemtukana, lakini aliondoka ameinamisha kichwa, nasi tuliokuwa nyuma ya dirisha tukanyamaza. Kimya kile kinatuuma mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, woga huo wa kumkabili mgonjwa wa akili unawadhuru wagonjwa. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu kamili, ilhali kichefuchefu kinaweza kuanza siku za mwanzo, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo huziacha akiamini kuwa hazimfai. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mabadiliko makali ya hisia, hupimwa damu mara kwa mara, kwa kuwa kiasi kinachotibu kiko karibu mno na kile kinachodhuru, na ibuprofeni anayojinunulia kutuliza maumivu ya mgongo inaweza kukipandisha hadi kiwe sumu. Mara nyingi mfamasia ndiye mtu wa mwisho kuzungumza naye kabla hajameza dawa. Ni wajibu wetu kumuuliza anatumia nini kingine, na ni vigumu kumuuliza mtu tunayemkwepa.

Tunakiri kwamba wengi wetu tuliingia chuoni tukiamini kuwa mgonjwa wa akili ni mtu wa fujo. Mihadhara ilitufundisha jinsi dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za neva, inavyofanya kazi katika ubongo, lakini imani ile ilianza kututoka tulipoketi na wagonjwa waliopata nafuu, tukawasikia wakieleza kwa nini waliwahi kuacha dawa.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie ili mafunzo katika wodi za magonjwa ya akili yawe ya lazima kwa kila mwanafunzi wa famasia, na walioishi na maradhi haya waalikwe madarasani kutufundisha. Tunaomba pia kila famasi iwe na chumba cha faragha, maana ni vigumu mtu kueleza sauti anazozisikia huku foleni nzima ikimsikiliza.

Tunaomba kuwasilisha.