Sentensi moja haimtoshi Mzee Meja

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita gazeti lako liliandika habari za mazishi ya Meja mstaafu wa JWTZ, aliyezikwa shambani kwake huku wilayani Kongwa. Mlitaja cheo chake, utumishi wake, Vita vya Kagera na risasi zilizopigwa kaburini. Yote ni kweli. Lakini miaka yake yote baada ya jeshi mliipa sentensi moja, kwamba "alijishughulisha na ufugaji". Mimi nilikuwa afisa mifugo wa kata ile hadi nilipostaafu, na sentensi hiyo imeniuma.

Sisi tulimwita Mzee Meja. Vijana wake wa zizini walimwita Afande hadi siku ya mwisho. Alikuwa Mgogo wa hapahapa, na bibi yake alikuwa mtoto mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa iliyowaua Wagogo wengi Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inamalizika. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita hapa yakakusanya ng'ombe na nafaka, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Mvua ilipogoma, watu hawakuwa na pa kushika. Hadithi hiyo Mzee Meja alikua nayo. Aliniambia kwamba mwaka 1979 akiwa Kapteni, kikosi chake kikiingia Uganda, askari yeyote aliyegusa zizi la mwanakijiji alikiona cha moto.

Alistaafu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiinua mgongo chake chote kiliishia kwenye mitamba 12, yaani majike machanga ambayo hayajazaa, na dume moja. Ndugu zake walitaka ajenge nyumba za kupangisha mjini Dodoma, wakanuna karibu mwaka mzima. Alichagua ng'ombe wa Mpwapwa, mbegu iliyozalishwa jirani zetu pale kituo cha utafiti kwa kuchanganya zebu wetu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, na ng'ombe wa Kihindi kama Sahiwal: anatoa maziwa kumzidi zebu wa kawaida, na kiangazi chetu anakiweza. Eneo alilopewa lilikuwa limechoka, mifereji ya mmomonyoko kila upande. Udongo wa Kongwa si wa kuchezea. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapa walime karanga, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa, kwa sababu mvua haitabiriki na udongo ukikauka unakuwa kama saruji. Mzee Meja alisema ardhi hii inataka nyasi kwanza, ng'ombe baadaye.

Na hapo ndipo ninapotaka wasomaji wakae nami kidogo. Aligawa shamba mapande sita kwa uzio wa miiba. Kila asubuhi, kabla ya chai, alivaa buti zake za jeshi zilizochakaa akaingia kwenye pande walimolala ng'ombe, akasimama penye nyasi akaangalia mguuni. Nyasi zikifika ukingo wa juu wa buti, ng'ombe wanabaki. Zikishuka hadi kwenye kifundo cha mguu, wanahamishwa siku hiyohiyo, hata kama pande la pili liko mbali na maji. Kisha anaandika kwenye daftari: tarehe, pande, urefu wa nyasi, idadi ya ng'ombe. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ukoloni wa kijeshi tu. Mwaka wa nne mifereji ilikuwa imeanza kujifunga yenyewe, na mimi mwenye cheti cha mifugo nikawa namfuata na kalamu yangu.

Ukame wa 2005 na 2006 ulimkuta tayari. Mwezi Juni, ng'ombe wakiwa bado wamenona, aliuza karibu theluthi ya kundi. Mitaani walisema Afande amefilisika. Ilipofika Novemba majirani walikuwa wanauza ng'ombe wanaonyanyuliwa kwa mkia, bei ya kutupa, huku ng'ombe wa Afande wamesimama imara. Hakumcheka mtu. Lambo alilochimba kwa fedha zake alilifungulia kijiji kizima kwa zamu: ndama asubuhi, wanaonyonyesha mchana, maksai na madume jioni. Aliyevuruga zamu alirudi nyumbani na kiu yake. Katika hili alikuwa mkali kupita kiasi. Siku moja alimrudisha mjane mmoja na ng'ombe wake wanne kwa kuchelewa saa moja, nikamwambia wazi kwamba amekosea. Hakunijibu. Kesho yake alimtuma kijana akawachukue ng'ombe wale, akawanywesha kabla ya ng'ombe wake mwenyewe.

Kisha mvua zikaja kwa fujo, mbu wakajaa, na mwaka 2007 ikaingia Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu, na unaompata pia mtu anayegusa damu au nyama ya mnyama mgonjwa. Watu zaidi ya 100 walifariki nchini, na mkoa wetu uliumia kuliko mingine. Jirani yake mmoja alifiwa na ng'ombe usiku, akaanza kumchuna ili nyama isipotee. Nilifika na Mzee Meja saa kumi na moja alfajiri, tukiwa na tochi. Kisu kilikuwa kimeshapita shingoni. Alimwondoa yule bwana kwa mkono wake mwenyewe, akaagiza shimo refu, akamwaga chokaa, na akasimama pale mpaka udongo wa mwisho ukarudi. Watu walilalamika: nyumba zina njaa, yeye anafukia nyama! Jioni alimpelekea mwenye ng'ombe mtamba kutoka zizini kwake. Katika kitongoji kile hatukuzika mtu kwa ugonjwa huo.

Ndugu Mhariri, naandika pia kwa sababu ya yale madaftari. Yako 19, ndani ya sanduku la bati la jeshi, na watoto wake wameniruhusu niseme hivyo hadharani. Humo mna zaidi ya miaka 20 ya mvua, nyasi na mifugo ya sehemu moja ya Ugogo, iliyoandikwa karibu kila siku na mtu mmoja kwa kipimo kilekile. Mimi katika utumishi wangu wote sikuwahi kupewa kumbukumbu kama hiyo. Naomba halmashauri, au watafiti wa Mpwapwa, watume mtu na kamera tu, ayapige picha kurasa zote. Familia itampokea, na mimi nitakaa naye kumsomea mwandiko, maana Mzee Meja aliandika kwa vifupisho vya kijeshi. Aje kabla ya mvua za Desemba. Bati la sanduku limetoboka chini, na mchwa wameshakula kona ya daftari la 1997.

Afisa mifugo mstaafu,
Kongwa, Dodoma