Barabara ya Garsen hadi Lamu iinuliwe, lakini maji yaachiwe njia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie barabara kuu ya kutoka Garsen kupitia Witu hadi Lamu, ambayo mafuriko ya Mto Tana yaliikata wakati wa vuli ya mwaka 2023 na kuikata tena katika masika ya 2024, hasa kwenye bonde lililo kati ya Gamba na Lango la Simba. Kwetu sisi wa Lamu, hii ndiyo njia ya kwenda Malindi na Mombasa. Inapofungwa, malori ya unga, mafuta na gesi ya kupikia hukwama ng'ambo, na mgonjwa aliyepewa rufaa hulazimika kungoja boti ilhali gari la hospitali lipo.

Naunga mkono kwa moyo wote rai ya kuiinua barabara hiyo. Ninachohofia ni kwamba itainuliwa kwa kumwaga kifusi tu.

Maji yanayotufungia njia si ya mvua yetu. Hutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, yakapita katika mabwawa matano ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na mabwawa hayo yakishajaa, maji ya ziada hayana budi kuteremka Garissa, kisha Hola, hata yakatufikia siku kadhaa baadaye, pengine jua likiwa linawaka. Yakifika huku hayafuati mkondo mmoja, bali hutandaa uwanda mzima. Ndiyo maana kuzibua mitaro ya kando ya lami, kazi tunayoiona kila mwaka, hakujatusaidia.

Sasa, tuta refu la udongo likikingama katika uwanda wa namna hiyo bila matundu ya kutosha, litakuwa bwawa la sita, ila hili halitakuwa na lango. Vijiji vya Wapokomo vilivyo upande wa juu vitakaa majini muda mrefu zaidi kuliko sasa. Upande wa chini, mashamba ya mpunga yanayotegemea rutuba inayoletwa na gharika, na malisho ambayo Waorma huyakimbilia kiangazi, yatanyimwa maji. Delta hii ya Mto Tana, iliyoorodheshwa mwaka 2012 chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, huishi kwa mafuriko; tunachotaka ni kupita juu yake, si kuyakomesha. Na barabara yenyewe haitasalimika: maji yakishapanda upande mmoja hadi yakavuka juu, huporomoka upande wa pili na kuula ubavu wa tuta, mpaka lami inabaki ikining'inia.

Kwa hiyo penye mikondo ya zamani, ambayo wazee wa pale wanaijua vizuri kuliko ramani yoyote, yajengwe madaraja mafupi na makalvati mapana, na baadhi yake yawe na kimo cha kupitisha ng'ombe wakati wa ukame, maana njia za mifugo za kwenda mtoni, zile tuziitazo malka, nazo huikata barabara. Kingo za tuta zijengewe mawe. Kimo cha tuta kipimwe kutokana na alama ambazo maji ya 2023 na 2024, na yale ya El Niño ya 1997, yaliacha kwenye kuta na miti, kabla alama hizo hazijafutika.

Gharama ni kubwa, sikatai. Kila mita moja ya kwenda juu, iwapo mbavu za tuta zitalazwa mita mbili kwa kila mita moja ya kimo, huongeza mita nne kwenye upana wa kitako chake, na mita hizo zitatoka katika shamba la mtu. Mwenye shamba alipwe kabla tingatinga halijaingia.

Nawaomba wenye dhamana ya barabara kuu wautoe mchoro wa mradi hadharani, uonyeshe mahali na ukubwa wa kila tundu, na wauweke mbele ya mabaraza ya Gamba na Witu wakati huu wa kiangazi, wananchi wakiwa bado wanaweza kuukosoa.

Mkazi wa Witu,
Kaunti ya Lamu