Maneno «inatisha sana» hayamtoshi mtazamaji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie namna ukurasa wenu wa burudani unavyozitambulisha filamu za kutisha, hasa zile ambazo familia huvamiwa ndani ya nyumba yake. Nimekuwa nikisoma maelezo hayo ya mistari miwili mitatu kwa muda mrefu, na karibu kila mara msomaji huambiwa mambo mawili tu: kwamba filamu ni ya watu wazima na kwamba inatisha sana. Kwa kuyategemea maelezo ya aina hiyo, Jumamosi iliyopita usiku niliketi peke yangu kuitazama Funny Games ya mwaka 2007, nikidhani najua kinachonisubiri.

Filamu hiyo ni toleo jipya la filamu ya Austria ya mwaka 1997 yenye jina hilohilo, na zote mbili ziliongozwa na mtu mmoja, Michael Haneke, ambaye aliirudia kazi yake mwenyewe tukio kwa tukio, akabadilisha lugha na waigizaji na kuacha karibu kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Wapo waliosema kwamba hiyo ilikuwa kazi bure. Mimi nilikuwa nimeiona ile ya kwanza miaka mingi iliyopita, kwa hiyo nilijua ni nani atakufa na ni lini, lakini kujua huko hakukunisaidia hata kidogo.

Uvamizi wenyewe hauanzi kwa kuvunja mlango. Kijana mwenye adabu zake, amevaa glavu nyeupe, anakuja kuomba mayai manne kwa niaba ya jirani, kisha anayaangusha. Mama mwenye nyumba anasafisha sakafu na kumpa mengine, na katika kuzubaazubaa kwake kijana anaitumbukiza simu kwenye sinki lenye maji. Kila tendo, ukilitazama peke yake, ni bahati mbaya ambayo muungwana angeisamehe, na mama huyu anasamehe mara moja, mara ya pili, mpaka simu imekufa, kijana wa pili ameungana na mwenzake, na wageni hao hawataki kutoka. Nilijikuta nikimkasirikia yeye badala ya wavamizi, hasira ambayo naionea haya hadi sasa.

Baada ya hapo ukatili unakuwa mkubwa, ila hauonekani. Mtoto anapouawa, kamera iko jikoni inamtazama mmoja wa wavamizi akijitafutia chakula, nasi tunausikia mlio wa bunduki tu kutoka chumba cha pili. Tunaporudishwa huko, televisheni iliyorukiwa na damu inaendelea kuonyesha mbio za magari kwa kelele, na mama aliyefungwa hasogei, na kamera nayo haisogei. Anapopata nguvu ya kujongea, jambo la kwanza analofanya ni kwenda kuizima ile televisheni. Mauaji yanayoonyeshwa waziwazi ni yale ambayo mtazamaji anayatamani: mama ananyakua bunduki na kumlipua mvamizi mmoja. Nakiri kwamba nilipiga makofi. Hapo mwenzake akatafuta rimoti, akairudisha filamu nyuma, na safari hii mama hakuwahi kuifikia bunduki.

Sasa ilinganishe na The Last House on the Left ya mwaka 2009, toleo jipya la filamu ya Wes Craven ya mwaka 1972, ambayo nayo ilichota kisa chake katika filamu ya Ingmar Bergman ya mwaka 1960. Humo wahalifu wanaomba hifadhi katika nyumba ambayo, bila wao kujua, ni ya wazazi wa msichana waliyemtendea unyama. Katika filamu ya Craven msichana hufa. Katika hii ya 2009 anaokoka, na hata hivyo, wakati familia imeshajinusuru, tunaonyeshwa baba, ambaye ni daktari, akimlaza kiongozi wa wahalifu hali amempoozesha, na kumwua kwa maikrowevu. Imetengenezwa kwa ustadi, sikatai. Ina damu nyingi kuliko ile ya Haneke, na bado niliimaliza nikalala usingizi mzuri, kwa sababu kila kisasi nilichokitaka nililipwa.

Nchini Marekani filamu hizi mbili zilipewa daraja moja, R, yaani aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia sinema bila mzazi au mlezi. Daraja hilo peke yake haliwezi kumwambia mtu kwamba moja itamnyima kisasi na kumwacha na mzigo, wala kwamba nyingine ina tukio refu la ubakaji ambalo watu wengi wasingependa kukutana nalo ghafla, wengine kwa sababu wanazozijua wenyewe.

Ombi langu ni dogo. Waandishi wenu watueleze kama ukatili unafanyika mbele ya kamera au nje yake, kama kuna ubakaji, na kama mtoto anadhuriwa. Hayo yanaweza kusemwa bila kufichua mwisho wa hadithi. Najua nafasi ni finyu, lakini orodha ya waigizaji sita ambayo huchapishwa kila wiki ingeweza kupunguzwa ikabaki ya wawili.

Wako mtiifu,
Msomaji wa siku nyingi