Hadithi za katuni za miaka ya 1970 hazikusahaulika kwa ubovu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukumbi wako nijibu hoja ambayo imekuwa ikijirudia katika kurasa za jarida hili, kwamba vitabu vya katuni vya Marekani vya miaka ya 1970 vilikuwa daraja tu kati ya mashujaa wa miaka ya 1960 na mageuzi ya miaka ya 1980, na kwamba hadithi za wakati huo ambazo leo hazikumbukwi zilistahili kusahaulika. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Anayezisoma hadithi hizo sasa, kwa utulivu na bila haraka ya kuhukumu, ataona kwamba nyingi zilipotea kwa sababu zisizohusiana kabisa na ubora wake.

Chukua biashara yenyewe. Mwanzoni mwa muongo ule katuni ziliuzwa hasa kwenye vibanda vya magazeti, na muuzaji aliruhusiwa kurudisha nakala zilizobaki ili arejeshewe fedha zake. Mara nyingi hakurudisha hata kitabu kizima. Alichana jalada au sehemu yake kuwa ushahidi, na kilichobaki kikaangamizwa. Mchapishaji alikaa miezi kadhaa bila kujua kilichouzwa, na jarida lililoonekana kulegalega lilifungwa ghafla, hata kama kisa kilikuwa katikati. Jack Kirby, mtunzi na mchoraji mashuhuri, alihamia kampuni ya DC mwaka 1970 na kuanzisha majarida kadhaa yaliyosimulia kwa pamoja vita vya miungu wa sayari mbili hasimu. Jarida la The New Gods lilisimamishwa mwaka 1972 baada ya matoleo 11 tu, mtunzi akiwa hajaufikia mwisho aliokusudia. Mwaka 1978 kampuni hiyohiyo ilifuta majarida mengi kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya kazi zilizokuwa zimekwisha kuchorwa zikatolewa fotokopi chache ili kulinda hakimiliki. Hatuwezi kudai kwamba wasomaji walizikataa hadithi ambazo hawakupata kuziona.

Nyingine zilifichwa na mahali zilipowekwa, kwani baadhi ya kazi nzuri kuliko zote za muongo ule zilichapishwa nyuma ya jarida, baada ya kisa cha shujaa ambaye jina lake ndilo liliuza toleo. Mfano ninaoupenda zaidi ni Manhunter, iliyoandikwa na Archie Goodwin na kuchorwa na Walt Simonson katika jarida la Detective Comics mwaka 1973 na 1974. Ilipewa kurasa nane nane nyuma ya visa vya Batman, na ndani ya nafasi hiyo finyu Goodwin alimsimulia Paul Kirk, mwindaji aliyefufuliwa na kundi la wanasayansi waliotengeneza pia jeshi la watu wanaofanana naye sura na mwili, ambaye alipoamriwa kuua aligeuka na kuanza kuwawinda waliomfufua. Simonson, aliyekuwa bado mgeni katika fani, aliukabili ufinyu huo kwa kuugawa ukurasa katika fremu ndogondogo nyingi, kiasi kwamba pambano moja husomwa kwa vipande: mkono unaoshika kisu, mguu unaoteleza, jicho linalotambua kwamba limechelewa. Hakuna fremu ya kujazia. Katika sura ya mwisho, ambamo Kirk anakutana na Batman, Kirk anakufa, na msomaji akirudi nyuma ataona kwamba kifo hicho kiliandaliwa mapema. Kazi hiyo ilipata tuzo kadhaa wakati wake. Hata hivyo, wapo wapenzi wengi wa Batman ambao hawajawahi kuisikia, kwa sababu mikusanyo ya visa vya Batman mara nyingi huziacha hadithi za nyuma.

Kuhusu jarida la Jungle Action la kampuni ya Marvel, nadhani tunadaiwa haki zaidi. Lilianza mwaka 1972 likirudia visa vya zamani vya mashujaa weupe wa msituni, na pengine hiyo ndiyo sababu wengi walilipita bila kulitazama. Lakini kuanzia 1973 Don McGregor alipewa kurasa zake amwandike Black Panther, shujaa ambaye pia ni mfalme wa nchi ya kubuni ya Afrika iitwayo Wakanda, naye akampeleka huko Wakanda na kumzungushia wahusika ambao karibu wote ni Waafrika, jambo lisilokuwa la kawaida katika katuni za mashujaa za Marekani wakati huo. Rich Buckler alianza kuuchora mfululizo huo, kisha sehemu kubwa ikachukuliwa na Billy Graham, mmoja wa wachoraji weusi wachache waliokuwa katika kazi hiyo. Humo ndimo alimozaliwa Erik Killmonger, adui wa mfalme huyo, ambaye mamilioni ya watazamaji walimfahamu mwaka 2018 kupitia filamu ya Black Panther, pasipo kujua kwamba alikuwa amekwisha kumtupa mfalme kutoka juu ya maporomoko ya maji miaka 45 kabla. Nakiri kwamba McGregor huandika maneno mengi, na zipo kurasa ambazo maelezo yake yanaibana picha. Lakini maneno hayo yanabeba mambo mazito: mfalme aliyekaa mno ng'ambo, raia wanaomuuliza alikuwa wapi, na ndoa zinazotikiswa na vita. Jarida lilifungwa mwaka 1976, kisa kilichofuata kikiachwa njiani.

Zipo pia hadithi zilizofungiwa na sheria. Master of Kung Fu, ambayo Doug Moench na Paul Gulacy waliipandisha hadhi kuwa simulizi la kijasusi lenye utulivu wa kupendeza, ilimtumia Fu Manchu, mhusika aliyekodishwa kutoka riwaya za mtunzi mwingine. Kwa kuwa kumchapisha upya kulihitaji ruhusa ya wenye hakimiliki ya riwaya hizo, haikuanza kukusanywa upya hadi mwaka 2016.

Ombi langu kwa wachapishaji ni kwamba wanapozitoa tena hadithi hizi wazitoe zikiwa kamili. Rangi za wakati ule zilipangwa kwa ajili ya karatasi ya magazeti, ambayo hunywa wino na kuufifisha. Ukizihamishia zilezile kwenye karatasi nyeupe inayong'aa, nyekundu inapiga kelele na ngozi za watu zinaonekana kama zimepakwa rangi ya ukuta. Karatasi isiyong'aa ingetosha kuliponya tatizo hilo. Aidha, kurasa za barua zisiondolewe. Humo wasomaji walibishana na watunzi juu ya ubaguzi, vita na hata sarufi, na baadhi yao baadaye wakawa waandishi na wahariri wa majarida hayohayo. Nakala za awali zinaendelea kuwa za manjano na kukatika kwenye mikunjo, kwa kuwa karatasi hiyo ina asidi inayoila kutoka ndani. Kisichopigwa picha sasa kitakuwa kigumu kupatikana baadaye.

Nawe Mhariri nakuomba jambo moja. Tenga ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya hadithi moja ya muongo huo, itolewe na mwaka wake, namba ya toleo, na majina ya wote walioifanya: mwandishi, mchoraji, mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi. Naomba mfululizo huo uanze na Manhunter, na usiishie kwa Marvel na DC. Jarida la E-Man, lililotolewa na kampuni ndogo ya Charlton kuanzia 1973, linastahili kufuata mara baada yake.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi