Macho ya kuku

Kilwa Kivinje

Mwanangu Zuhura,

Sisi hatujambo, baba yako ametoka pwani sasa hivi na changu wawili. Jana simu ilikatika ukinieleza kwamba jirani yako anasema matone ya vitamini A hayana maana kwa mtoto anayenyonya. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili linakuhusu wewe mwenyewe na sijawahi kukusimulia lote.

Ulikuwa na miaka minne. Mchana unakimbia na wenzako, lakini ikiadhiniwa magharibi unaganda mkekani. Nikikuita unakuja umenyoosha mikono mbele, unapapasa ukuta. Jioni moja ulikanyaga sahani ya wali iliyokuwa mbele yako kabisa, ukalia kwa hofu, si kwa maumivu. Bibi yako akasema, "Mtoto huyu ana macho ya kuku." Wengine wakaniambia ni jini, nikapoteza wiki tatu nzima, Mungu anisamehe. Tabibu wa zahanati aliniuliza swali moja tu: "Anakula nini?" Ugali wa muhogo, nikamjibu, kila siku. Akakupa matone. Usiku wa tatu ulinifuata hadi kisimani bila kunishika kanga.

Nilipokuja kusoma baiolojia ndipo nikaelewa. Kuku haoni usiku kwa sababu nyuma ya jicho lake, kwenye retina, zimejaa seli zenye umbo la pia, zinazotaka mwanga mwingi na kutambua rangi. Zile za umbo la fimbo, za kuonea gizani, anazo chache. Wewe za fimbo unazo, kama milioni 120 kila jicho. Zilikuwepo hata usiku ule, ila zilikuwa tupu.

Ndani ya kila fimbo kuna protini iitwayo opsini, nayo imekumbatia kitu kidogo kilichopinda kama ndoana, retinali. Vikiwa pamoja ndiyo rodopsini, yenye rangi nyekundu ya zambarau. Nuru ikigusa, ndoana inanyooka kwa kasi isiyosemeka, opsini inabadili umbo, na habari inaanza safari ya ubongoni. Kisha retinali inajitoa, rangi inafifia, na mwili una kazi ya kuikunja upya. Ndiyo maana baba yako akikodolea karabai usiku halafu akageukia bahari, huchukua karibu nusu saa macho yake yarudi sawasawa. Mwanasayansi Mjerumani, Franz Boll, aliiona rangi hiyo ikififia kwenye retina ya chura mwaka 1876. Mwenzake Mmarekani, George Wald, akagundua mwaka 1933 kwamba retina ina vitamini A, na mwaka 1967 alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel.

Retinali hutokana na vitamini A, mwanangu, na mwili hauwezi kuitengeneza bila chakula. Opsini ulikuwa nazo. Ndoana ndizo zilizoadimika.

Na si binadamu tu. Silikanti, samaki wa kale ambaye mmoja wake alinaswa Songo Mnara mwaka 2003, hapa hapa kwetu, huishi kwenye kina ambako nuru iliyobaki ni ya bluu tupu. Opsini zake mbili hupokea zaidi nuru yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 478 na 485, hiyo bluu yenyewe. Protini hubadilika kumfuata mnyama anapoishi, lakini kwa wote wenye uti wa mgongo kazi haifanyiki bila kitu kitokanacho na vitamini A.

Kwa hiyo mwambie jirani hivi: maziwa yako yana vitamini A kadiri unavyoila wewe. Kula maini, mapapai, mchicha, utie na mafuta kidogo, maana bila mafuta mwili hauipokei vizuri. Nimempa kondakta wa basi la kesho kiroba cha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Vichemshe na maganda.

Desemba mtoto atakuwa na miezi saba. Watampa kidonge cha bluu, hukatwa ncha na kukamuliwa mdomoni. Mshike kichwa vizuri asiteme, halafu unipigie jioni hiyo hiyo.

Mama yako